Mwalimu, wewe unaelea?

Maji yaliponifika kifuani niligoma. Mzee alikuwa mbele yangu hatua mbili, ananisubiri bila haraka kama aliyezoea kusubiri nyavu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, mwaka 2017, kwenye kipande cha mchanga katikati ya mawe, si mbali na Nansio, kisiwani Ukerewe. Mahali alipachagua yeye. Kule kwenye matete maji yametulia, alisema, lakini konokono wa kichocho ndiko wanakokaa, na mamba naye hujificha humo.

Nilikuwa na miaka 27, mzaliwa wa Mwanza, na sikuwa nimewahi kuingiza hata magoti katika Ziwa Victoria.

Aliyekulia Igoma, mtaa wetu wa Mwanza, hatauliza kwa nini. Jumanne ya tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa imekaribia kabisa kufika Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Waliokufa, kwa hesabu ya serikali, ni 894. Mjomba wangu, kitinda mimba wa kwao mama, alikuwa humo. Hakupatikana. Mimi nilikuwa na miaka 6, na kilichonibaki kichwani ni shati lake alilolifua kabla ya safari. Lilikaa kambani siku nyingi, likapigwa jua na mvua, na hakuna aliyethubutu kulianua. Kila mwaka tarehe ile tulikwenda kwenye makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa. Mama alisimama mbele ya kaburi lolote, kwa kuwa hakujua lipi la kusimamia.

Tangu hapo ziwa lilikuwa mwiko nyumbani kwetu. Nilipopangiwa kufundisha Ukerewe, mama alilia siku mbili. Nami nikatafuta njia ya kuikwepa meli: basi hadi Bunda, kisha Kisorya, halafu kivuko kifupi cha kwenda Rugezi, nimefumba macho mwanzo hadi mwisho. Siku nzima iliishia njiani, ilhali meli ya Mwanza ilikwenda moja kwa moja mpaka Nansio. Nilifanya hivyo miaka miwili, na nikajiambia kwamba napenda kusafiri kwa basi.

Kilichonitoa huko ni somo la kuelea na kuzama. Nilikuwa nimechora ubaoni boti na mishale yake, uzito unashuka, nguvu ya maji inapanda. Mtoto mmoja wa kiume akanyoosha mkono. "Mwalimu, na mtu anaelea?" Nikamjibu kwamba anaelea, hasa akijaza hewa mapafuni. Akaniangalia kwa heshima kabisa, hakuwa na nia mbaya. "Mwalimu, wewe unaelea?"

Nikageuka nikafuta ubao.

Mzee alikuwa babu yake. Alivua dagaa tangu ujana wake, usiku wa giza, karabai zikiwaka juu ya maji. Nilipomweleza habari ya mjomba hakunipa pole ya haraka haraka. Alikaa kimya, kisha akasema njoo Jumamosi, njoo na kanga ya kubadilisha.

Sasa nimesimama pale, meno yanagongana ingawa maji hayakuwa ya baridi.

"Moyo unakwenda mbio, mwalimu?"

"Sana, babu."

"Vizuri. Maana yake hujalala. Mimi nao ulinienda hivyo kila nikiona wingu jeusi upande wa kusini, na ndio ulionirudisha nyumbani. Usiufukuze. Upe kazi. Uhesabie pumzi."

Akaweka kiganja chini ya mgongo wangu. "Ukishindana na ziwa litakuchosha. Lilalie."

Mara ya kwanza nilikunja shingo nikameza maji. Ya pili vilevile. Ya tatu nilimwona mjomba, wazi kabisa, nikapiga kelele, na mzee akaninyanyua kama mtoto. Nilitaka kuondoka. Nadhani ningeondoka kama asingekuwa amenyamaza. Nikavuta pumzi, nikahesabu moja, mbili, tatu, mpaka kumi na moja. Masikio yakazama, dunia ikawa kimya, nikabaki na mapigo ya moyo wangu, makubwa kama ngoma, na anga. Hofu haikupungua hata kidogo. Ilikuwa inahesabu pamoja nami.

Nilipogeuza macho, mikono ya mzee yote miwili ilikuwa juu ya maji.

Likizo ya Desemba nilikata tiketi ya meli. Kabla haijang'oa nanga nilizunguka kuuliza maboya yako wapi, nikafungua sanduku moja baada ya jingine. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akaniona, naye akaja kutazama. Tukalijaribu boya la mtoto pamoja, tukafunga kamba zake.

Mama alinikuta mlangoni jioni. "Mbona mapema? Bunda kulikuwa na basi la usiku?"

"Nimekuja na meli, mama."

Alishika fremu ya mlango. Alininyamazia muda mrefu, kisha akauliza, taratibu, "Maboya yalikuwepo?"

"Yalikuwepo, mama. Niliyahesabu."