Nilivyojifunza kupiga picha ya sura mpaka bibi akajitambua

Chanzo cha yote ni picha moja ambayo nikiikumbuka bado napandwa na hasira. Mwaka juzi tulimpeleka bibi yangu studio apigwe picha ya kutundika ukutani, maana kavuka miaka 80 na picha aliyokuwa nayo ni ile ya kitambulisho tu. Kijana wa pale akampiga, akakaa kwenye kompyuta kama dakika kumi, akatuletea picha ya mwanamke mweupe pee, ngozi haina hata mkunjo, na lile kovu la kwenye nyusi ya kushoto alilolipata kisimani akiwa mtoto limefutwa. Bibi akaishika, akaitazama, akaigeuza nyuma kama anatafuta jina, akauliza "Huyu nani?" Hakuwa anatania. Tulilipa tukaondoka, na tangu siku hiyo nikasema picha ya bibi nitaipiga mwenyewe.

Mimi kazi yangu ni ya vipuri vya pikipiki, kamera sijawahi kushika. Nikanunua Canon 600D ya mtumba Kariakoo, kama laki nne na ushee, na lenzi yake ile ya 18-55, ya kuvuta, 18 inachukua eneo pana na 55 inaleta karibu. Na hapo ndipo ushauri ulipoanza kumiminika. Huyu anasema bila fuli fremu, zile kamera ghali zenye kihisi kikubwa, unapoteza muda, huyu anasema nunua flashi kubwa na miamvuli yake, mwingine akaniambia mtu mweusi hatoki vizuri mpaka umng'arishe kwenye kuediti. Hilo la mwisho liliniuma kweli. Nakataa mpaka kesho kwamba ngozi ya bibi yangu ina kasoro ya kurekebishwa. Kama haijatoka vizuri basi aliyeshika kamera hajajua kazi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa Idd, nilitaka kujipima kwa binamu yangu kabla sijamgusa bibi. Nikamsimamisha kwenye ukuta mweupe, kavaa kanzu nyeupe, saa saba mchana jua liko utosini. Picha ikatoka ukuta wa kijivu, kanzu ya kijivu, uso mweusi kama masizi, macho yamezama kwenye mashimo mawili. Nikafungua flashi ya kwenye kamera, paji la uso likang'aa kama limepakwa mafuta ya taa na nyuma yake ukutani kikakaa kivuli cheusi kikali. Nikamhamishia chini ya mwembe nikidhani kivuli ndio dawa, kumbe jua linapenya kwenye majani, shavu moja lina doa jeupe, jingine lina rangi ya kijani kutoka kwenye majani yenyewe. Na kwa kuwa nilimsogelea sana na lenzi nimeivuta 18, pua ikawa kubwa masikio yakarudi nyuma, binamu ni kijana mzuri wa sura lakini pale hakuonekana. Picha zaidi ya 100 siku ile, hata moja sikumtumia.

Nililala na hilo jambo wiki nzima. Nikaja kuelewa kitu ambacho hakuna mshauri wangu aliyekuwa amekitaja, nao wanapiga picha miaka. Kamera haijui kama mbele yake kuna kanzu au kuna mtu, inapima mwanga ikidhani kila kitu ni kijivu cha wastani, ile asilimia 18 wanayoisema. Ukijaza weupe inaona mwanga umezidi, inapunguza, na uso mweusi unazama nao. Ukijaza weusi inaona giza, inaongeza, uso unapauka kama umepakwa majivu. Kwa hiyo kile kitufe cha +/-, cha kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga, ndicho kila kitu. Ukuta mweupe ongeza hatua moja, yaani mwanga mara mbili, uso mweusi mbele ya giza punguza kidogo. Shilingi haikutoka hapo.

Nikasoma pia kwamba enzi za filamu maabara za Marekani zilikuwa zinapanga rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, waliziita kadi za Shirley, ngozi yake ikitoka sawa basi mashine imekaa sawa. Sisi hatukuwemo kwenye hicho kipimo. Halafu nikaona picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Bamako, Mali, alifungua studio yake 1948, anapiga watu uani kwa mwanga wa jua wa kivulini, nyuma katundika kitambaa cha maua, na mara nyingi mteja mmoja anapigwa mara moja tu. Watu weusi wamekaa wamependeza, ngozi ina kina, unaona mpaka alama za usoni. Nikasema kumbe iliwezekana miaka ile yote na kitambaa, sasa miamvuli ya nini.

Lenzi hata hivyo nilibadilisha, sitaki kudanganya. Nikachukua ile 50 isiyovuta, ya f/1.8, yaani tundu lake la mwanga linafunguka sana (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), mtumba pia, kama laki mbili hivi. Kwenye 600D, kwa kuwa kihisi chake ni kidogo, inabana kama lenzi ya 80, kwa hiyo unalazimika kusimama mbali kidogo na mtu na uso unakaa sawa. Angalizo: usifungue mpaka 1.8 kwa sababu tu watu wanasifia ukungu wa nyuma. Nilifungua hivyo kwa mdogo wangu, ncha ya pua ikatoka safi, macho yameteleza. Kaa 2.8 au 3.5, fokasi chagua kidoti kimoja ukiweke kwenye jicho la karibu yako.

Bibi anakaa Muheza, nyumba ya kawaida ya Kiswahili, baraza mbele, korido inanyooka mpaka uani. Siku hiyo nimefika nimekaa barazani nakunywa chai, bibi akatoka ndani, akasimama kwenye korido kama hatua mbili kabla ya mlango akitafuta kandambili. Mwanga ukampiga usoni wote. Nilibaki nimeshika kikombe. Nilikuwa nahangaika na mambo ya taa na taa yenyewe ndio mlango wa kwao, tunapita pale tangu wadogo. Ule mlango unatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi jua liko uani na huku mbele unaingia mwanga wa anga tu, laini.

Kesho yake saa tatu nikamwekea kigoda palepale, hatua mbili ndani. Mlango wa uani nikaufunga, na vyumba vyote vya pembeni nikafunga milango, nyuma yake pakawa giza tupu, hakuna ndoo wala kamba ya nguo inayoonekana. Mimi nikakaa barazani kwa ubavu, sio katikati, nisimzibie mwanga. Upande wake wa kulia ukawa mweusi mno, nikajaribu sinia la kupakulia wali kurudisha mwanga, likatupa mstari mkali shavuni. Basi nikachukua kiroba cheupe cha sembe, nikakigeuza ndani nje, nikampa mtoto wa shangazi akishike kwa bibi upande wa kivuli. Pale pale mikunjo ya shavu ikaanza kuonekana mmoja mmoja. Nimeona watu wananunua vile vya kurudisha mwanga kwa bei, mimi changu kimetoka na ugali.

Shida ikabaki bibi mwenyewe. Wazee wetu ukiwainulia kamera wanakakamaa, mikono mapajani, mdomo umefungwa kama yuko mbele ya hakimu. Ukimwambia "bibi cheka kidogo" ndio umeharibu kabisa. Nikamwambia, "Bibi, hebu nieleze lile kovu ulilipataje, mimi huwa nasikia nusu nusu." Akasema, "Mume wangu na wewe, mambo ya miaka yote hiyo!" Lakini akaanza. Akaeleza kisima, dada yake, ndoo ya bati iliyokatika kamba, vidole vyake vinapanda vyenyewe kugusa nyusi. Wakati anaongea sikupiga, maana mdomo ukiwa wazi picha inakuwa ya ajabu. Nilingoja amalize sentensi. Kuna sekunde moja mtu akimaliza kusimulia anatulia, macho yanabaki kule alikokuwa. Hapo. Nilipunguza theluthi mbili ya hatua, aiso (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 400, shata (muda inaofunguka) 1/160 ya sekunde, na nilibonyeza mara saba tu asubuhi nzima.

Ya tano ndiyo yenyewe. Ukiikuza unaona kwenye mboni mlango wote, mweupe wa mstatili, na pembeni yake kivuli kidogo cha mtu kainama, ndio mimi.

Kusafisha nako kukawa na vita. Nimepeleka mjini, nikapewa picha, bibi kapauka tena! Nikauliza kijana umefanyaje, anasema hajagusa, mashine ndio inajirekebisha. Nikamwomba azime hiyo ya kujirekebisha, akanitazama kama namsumbua, akazima, akatoa nyingine. Elfu kadhaa zilinitoka mara mbili lakini kama unasafisha picha ya mtu mweusi sema mapema kabla hawajaingiza, waambie wasiguse rangi.

Nikampelekea bibi kwenye fremu ya kioo. Nilimkuta anachambua mchele. Akaweka ungo chini, akafuta mikono kwenye kanga, akaiinua karibu na macho. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye kovu, kikakaa pale juu ya kioo. Hakuniambia kitu. Akageukia uani akamwita jirani yake kwa sauti, "Wewe! Njoo unione!"

Jumamosi narudi Muheza, huyo jirani naye anataka yake, na kiroba nimeshakifua.