Kuitafuta pampu alfajiri, Grand Canyon

Juzi binti yangu mdogo alikuwa ananawa mikono ndani ya RV, gari letu la safari lenye vitanda, jiko na choo ndani, limeegeshwa tu hapo uani, hakuna mpira wa maji uliounganishwa. Anafungua bomba, anafunga, anafungua tena. "Baba, kuna nini kinanguruma kila nikifungua?" Nikamfungulia kidirisha chini ya kitanda cha nyuma, akachungulia, akaiona pampu ikitetemeka kwenye miguu yake ya mpira. Akaridhika, akaenda zake. Mimi nikabaki nimepiga magoti pale, maana kidirisha kile hakikuwapo siku tuliyokihitaji.

Ilikuwa Mather, kambi ya ukingo wa kusini wa Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani. Pale hakuna bomba wala umeme wa kuunganisha kwenye gari. Unaegesha katikati ya misonobari, na kila utakachotumia umekuja nacho mwenyewe: maji kwenye tangi, umeme kwenye betri, gesi kwenye mtungi. Ni juu sana, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Aprili baridi inashuka chini ya sifuri. Tangi tulilijaza njiani, mji wa Flagstaff, lita 150 hivi. Kabla ya hapo tulikuwa tunalala kwenye kambi zenye bomba, maji yanaingia garini kwa presha ya nje, na pampu haikuwa na kazi. Hilo lishikeni, ndilo lililoficha ugonjwa.

Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Tanga, na kitanda cha nyuma kilikuwa chake. Alfajiri akaamka kutawadha, akaniita.

"Baba, bomba linakoroma tu, maji hayatoki."

Mke wangu akampa maji ya kunywa kwenye birika, akatawadha, akaswali. Mimi nikazima feni ya hita ili nisikie vizuri.

Pampu za RV nyingi za Marekani ni za kiwambo, zinatumia volti 12. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na mota, na vali ndogo zinazoruhusu maji kwenda upande mmoja tu. Pampu inavuta kutoka tangini, inasukuma kwenye mabomba, na presha ikifika, kwa nyingi ni kama psi 55 (psi ni kipimo cha presha), swichi ya presha inakata umeme. Ukifungua bomba presha inashuka, swichi inawasha tena. Ukishajua hivyo, sauti peke yake inakupa nusu ya jibu. Pampu yenye maji ndani ina mlio mzito, na bomba likifungwa hunyamaza baada ya muda mfupi. Pampu inayovuta hewa ina mlio mwepesi, wa haraka, na hainyamazi hata mabomba yote yakifungwa. Pampu isiyo na umeme haitoi sauti kabisa.

Ya kwetu ililia kwa wepesi bila kunyamaza. Maana yake fyuzi nzima, swichi ya ukutani nzima, mota inazunguka. Kilichobaki ni upande wa kuvuta, kuanzia tangini hadi mdomo wa pampu: tangi tupu, chujio lililolegea au kupasuka, mpira unaoingiza hewa, au koki iliyogeuzwa vibaya. Tangi lilikuwa limejaa. Nasisitiza hatua hii kwa sababu nimeona watu wengi wakinunua pampu mpya wakati ya zamani haina kosa lolote. Nikazima swichi. Pampu za namna hii zinavumilia kuzunguka kavu kwa muda, lakini mota inapata moto, na hakuna faida ya kuiacha iendelee.

Sasa iko wapi? Kitabu cha gari kiliitaja pampu bila kusema ilipo. Kwenye magari makubwa yenye umbo la basi mara nyingi hukaa kwenye sanduku la nje la huduma, lile lenye mdomo wa kujazia maji na bomba la kumwagia taka, nyuma ya ubao wa plastiki. Kwenye ya kwetu, iliyojengwa juu ya Ford E-450, inaweza kuwa chini ya benchi la meza ya kulia, chini ya sinki, au chini ya kitanda. Magari mengi ya Ulaya hayana kabisa pampu ya namna hii: pampu yao ni ya kuzama, iko ndani ya tangi lenyewe, na unaifikia kwa kufungua kifuniko cha mviringo juu ya tangi.

Usianze kufungua ubao hovyo. Anza na tangi, kwa sababu fundi wa kiwandani hapendi mpira mrefu wa kuvuta. Pampu huwa karibu. Nikatoka nje na tochi. Mdomo wa kujazia ulikuwa ubavu wa kushoto, nyuma ya gurudumu la nyuma. Nikalala chini, nikaiona koki ya kumwagia tangi ikining'inia upande huohuo. Kwa hiyo tangi lilikuwa nyuma kushoto, na juu yake ni kitanda cha mama mkwe.

Hapo nikasimama. Nyumbani kwetu mkwe haingii anapolala mama mkwe wake, achilia mbali kuchimba chini ya kitanda chake. Nikamwomba mke wangu aende yeye. Nikawasha pampu, nikafungua bomba la baridi kidogo tu, naye akapitisha kiganja kwenye mbao za kitanda polepole, kutoka kichwani hadi miguuni. Kiganja ni bora kuliko sikio, maana sauti inazunguka gari zima ikifuata mabomba, lakini mtetemo unazidi pale tu pampu ilipofungwa. Alipofika kwenye droo ya chini akasema, "Iko huku, mbao inaniwasha mkono." Nikazima.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye meza, ushungi kichwani, tasbihi mkononi. Akaniangalia nilivyosimama mlangoni.

"Ingia, mwanangu. Kitanda ni mbao tu. Nipe hiyo tochi nikumulikie."

Nikaingia. Akanimulikia mwanzo hadi mwisho, na kila nilipohama aliuhamisha mwanga bila kuambiwa.

Droo kwanza. Reli za pembeni zina vijiti vidogo vya plastiki nyeusi, kimoja kila upande. Vuta droo mpaka mwisho, kisha cha upande mmoja ukibonyeze chini na cha pili ukinyanyue juu kwa wakati mmoja, droo inatoka. Ukivibonyeza vyote chini haitoki, na ukilazimisha unavunja plastiki. Nyuma ya droo kulikuwa na ubao mwembamba wa plaiwudi, umefungwa kwa skrubu za kichwa cha mraba. Bisibisi ya nyota haizishiki. Inateleza na kula kichwa. Unahitaji kichwa cha mraba namba 2, na hicho kiwe garini daima, maana RV za Marekani zimejaa skrubu hizo kuanzia sakafuni hadi darini. Skrubu moja ilikuwa nyuma ya reli ya droo yenyewe. Ikabidi nifungue reli ili nifungue skrubu ili nifungue ubao. Aliyejenga hivi alifunga pampu kwanza, akajenga kitanda juu yake baadaye, na hakumfikiria hata dakika moja atakayeirudia.

Ubao ukatoka. Tundu lilitosha mkono mmoja na nusu ya uso. Mama mkwe akainama, mwanga ukaingia kwa pembeni, nikaona kitu kimoja baada ya kingine. Mota nyeusi, bado ina joto. Kichwa cha pampu, waya mbili, nyekundu na nyeusi. Bomba la bluu likitoka kwenda jikoni. Upande wa kuingia, chujio dogo lenye bakuli la plastiki angavu. Hilo nilikuwa nalihofia tangu nilipoona barafu kwenye kioo cha mbele, kwa sababu maji yakiganda hutanuka, na bakuli la chujio ndilo hupasuka mapema. Nikalipapasa pande zote. Zima. Lakini lilikuwa tupu, limebaki tone moja tu la waridi chini.

Rangi ile ya waridi ikanipa jibu. Kabla ya chujio kulikuwa na koki ya njia tatu. Njia moja inatoka tangini, moja inaingia kwenye pampu, na ya tatu ni kipande cha mpira mwembamba angavu, ambacho ncha yake ilikuwa imening'inizwa kwenye waya. Ncha ile wakati wa kuandaa gari kwa baridi hutumbukizwa kwenye dumu la dawa ya kuzuia kuganda, ile ya waridi, pampu ikaivuta na kuisambaza kwenye mabomba yote. Mshikio wa koki ulikuwa bado umeelekea mpira ule mwembamba. Pampu ilikuwa inavuta hewa ya chini ya kitanda.

Nikaugeuza mshikio kuelekea tangini. Mke wangu akawasha swichi. Kwa muda sauti ilikuwa ileile nyepesi. Kisha povu likaanza kupita kwenye bakuli, la waridi hafifu, mapovu makubwa, madogo, bakuli likajaa hadi juu na maji yakawa angavu. Mlio ukashuka ukawa mzito. Jikoni bomba likakohoa, likatema, likatiririka. "Alhamdulillahi," akasema mama mkwe, na bado alikuwa ameishika tochi vilevile.

Yaliyofuata ni ya haraka. Fungua bomba la baridi lililo mbali zaidi hadi maji yaache kutema, kisha la moto, kisha bafu, kisha choo. Hakikisha koki za kuruka hita ya maji, zile zinazogeuzwa ili dawa isiingie kwenye hita, zimerudishwa sawa. Dawa ya waridi ya RV si sumu kama ile ya injini, lakini maji yenye ladha yake usiyanywe. Endelea kumwaga mpaka rangi na utamu viishe.

Ilikuwaje koki ikabaki hivyo? Gari lilitoka karakana, ambako waliliandaa kwa baridi na kulirudisha majira yalipogeuka. Mabomba waliyasafisha kwa maji ya bomba la nje. Maji hayo huingia mbele ya pampu, na vali ya njia moja iliyo ndani ya pampu huyazuia yasirudi nyuma. Kila bomba lilitoa maji safi, na hakuna aliyewahi kuwasha pampu. Tangu siku hiyo, gari likitoka kwa fundi najaza maji kidogo tangini, nafunga maji ya nje, nawasha pampu, nasubiri inyamaze. Isiponyamaza, gari haliondoki. Na mkiwa mmeunganisha maji ya nje mkaona tangi linajaa lenyewe hadi kumwagika, ile vali ya njia moja imepitisha. Uchafu mdogo tu ukiikalia unatosha.

Niliporudi Denver nilikata kidirisha kwenye ule ubao, nikakifunga kwa vibanio vya kugeuza kwa mkono, hakuna skrubu. Pembeni nimeweka chujio la akiba, oringi zake (pete za mpira za kuziba) na fyuzi ya ampea 10. Mkifungua nati za pampu msizungushe tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi zake: nati zile huziba kwa washa iliyo ndani, zinakazwa kwa mkono, na vipande vya tepu vikiingia kwenye vali vitawasumbua kuliko tatizo lililowafungulisha.

Ninachoshindwa kuamua ni kelele. Ule ubao mzima ulikuwa unaizuia, na sasa anayelala nyuma anasikia kila mtu akinawa usiku. Nimeongeza nusu mita ya mpira laini kila upande wa pampu ili mabomba yasibebe mtetemo, na nimeweka mkeka mzito wa mpira chini yake. Imepungua, haijaisha. Kuifunika mota kwa sponji sitaki, itakosa hewa ya kuipoza. Ningeweza kuihamishia kwenye sanduku la nje, pampu ikawa mbali na kitanda na mkono ukaifikia bila kuingia chumbani kwa mtu. Lakini chini ya kitanda kunapita bomba la hewa ya moto, na kwenye sanduku la nje halipiti, kwa hiyo bakuli la chujio lingekuwa la kwanza kuganda. Baridi hii nimetundika kipimajoto mle sandukuni, nione kinashuka hadi ngapi kabla sijagusa bomba lolote.