Kisanduku cha breka hakifichwi kabatini

Kuna mama wa Goba anamalizia nyumba. Ukuta wa sebuleni anautaka safi: jipsamu, taa za urembo, runinga katikati. Kinachomkera ni kisanduku cha breka. "Fundi, hilo dude seremala atalijengea kabati, tutapanga na vyombo." Nikamwambia mama, mengine yote nitakufanyia, hilo hapana. Alinuna, ila kisanduku kikahamia koridoni, karibu na mlango wa kutokea.

Meinswichi, ile swichi kuu iliyomo kisandukuni ya kuzima umeme wa nyumba nzima, lazima ifikiwe na yeyote aliyepo nyumbani, hata gizani, hata akiwa anatetemeka. Dada wa kazi akiona moshi hana muda wa kuhamisha glasi za wageni. Kanuni nilizosomea ni za Uingereza, BS 7671, na kwa nyumba ya fezi moja zinataka swichi hiyo ikate nyaya zote mbili, laini inayoleta umeme na nyutro inayourudisha. Wana sababu. Fundi aliyekutangulia akiwa amegeuza nyaya hizo, swichi inayokata mmoja tu itazima taa vizuri kabisa, huku waya unaoushika ukiwa bado na umeme.

Na hata ukizima, nyaya zinazotoka kwenye mita ya LUKU kuingia kwenye swichi bado zina volti 230. Hizo waachie TANESCO. Mwenye jenereta aweke chenji ova, swichi ya kuchagua ama TANESCO ama jenereta, asiunganishe kienyeji kupitia soketi. Umeme wake utarudi mtaani na kumkuta mtu yuko juu ya nguzo akijua laini imezimwa.

Sasa breka zenyewe. Breka inalinda waya, hailindi friji wala kiyoyozi. Waya wa taa wa milimita za mraba 1.5 naupa breka ya ampea 10, wa 2.5 unaokwenda kwenye kiyoyozi naupa 20. Ikianza kuruka kila jioni, atatokea bingwa wa mtaani aweke ya 40 kwenye waya uleule. Bosi anafurahi, haikatiki tena. Waya unaiva taratibu juu ya dari, na hakuna wa kuuona.

RCD ni kifaa kingine, tofauti na breka. Ile ya miliampea 30 inakata umeme unapovuja, ukiwemo unaopita mwilini mwa mtu, kiwango ambacho breka ya kawaida haikisikii kabisa. Ina kitufe cha T. Kibonyeze kila baada ya miezi sita; isiporuka, ibadilishwe. Ndiyo, friji itazimika kidogo.