Mkanda uliofukiwa chini ya Marsabit

Juzi baada ya magharibi tulikuwa barazani na ami yangu, nahodha wa zamani, maneno yakaangukia lile bomba la mafuta linalosemwa miaka nenda miaka rudi, la kutoka Lokichar kule Turkana lije mpaka hapa Lamu. Akaniuliza, "Mwanangu, si wewe umesomea mawe, hebu nambie, Turkana na Lamu wapi na wapi?" Nikamwambia ami, njia ya kututoa huku mpaka huko ipo, tena ya kale mno, ila iko chini ya ardhi.

Iko hivi. Madagaska ilikuwa imeshikana na sisi, ikaanza kubanduka miaka kama milioni 165 iliyopita. Baadaye, zama za Kretasia, dainosari bado wapo, bara likavutika likafunguka bonde lingine, laanzia upande wetu wa Lamu lapanda kaskazini-magharibi kupitia Garissa na jangwa la Chalbi mpaka karibu na ziwa Turkana. Ndio Bonde la Anza. Lilitaka kupasua bara likashindwa, likafa, mito ikalijaza mchanga na tope kilomita kadhaa kwenda chini. Halafu juzijuzi tu, kwa hesabu ya mawe, volkano za Marsabit na Huri zikalimwagia basalti, na ndio maana mtu akifika Marsabit aona majiwe meusi matupu hajui kakanyagia nini.

Ami akasema sijaelewa, bonde lajaaje? Nikaleta sinia, nikaliinua upande mmoja kwa kibao, nikamimina mchanga wa Shela uliolowa teketeke kama uji, ukajikusanya upande wa chini. Nikaliinua tena kidogo, nikamimina mashapo ya kahawa kutoka kwenye dele, nikainua tena, mchanga tena. Kila tabaka nene kule chini, jembamba huku juu, na lile la kwanza limelala mshazari kuliko la mwisho, manake liliinamishwa mara nyingi zaidi. Ule ukingo wa chini ndio ufa wenyewe, ardhi yateleza pale huku mashapo yaendelea kuingia. Mafuta na gesi hupenda kupanda kwenye tabaka zilizoinama hivyo mpaka yazibwe na ufa au tope gumu. Lokichar, walikopata mafuta 2012 kwenye kisima cha Ngamia-1, pia ni bonde la kuinama upande mmoja, ila lenyewe ni changa, la huu ufa wa sasa, yaani Bonde la Ufa. Visima vya Anza vilionyesha dalili tu, biashara hakuna mpaka leo.

Kisha nikafunika sinia na kitambaa kizito cheusi. "Haya ami, nambie ndani tabaka zimelalaje." Akapapasa akaniangalia tu. Hapo ndipo penye kazi! Ukituma mitetemo ardhini isikilizwe ikirudi, basalti yairudisha nyingi hapohapo juu, inayobaki yatawanyika kwenye mawe yaliyopasukapasuka, picha ya chini yaja ukungu mtupu. Kwa hivyo watu hupima pia mvuto wa ardhi, manake mashapo ni mepesi kuliko mwamba wa msingi, penye shimo lililojaa mvuto hupungua kidogo, na hicho kidogo ndicho chakwambia bonde limepita wapi. Mimi hapa hunisisimka mwili, yaani mtu ajua shimo la kilomita kwa uzito tu bila kuliona.

Na Anza kufa haikufa bure. Ufa wa sasa ulipofika Turkana ulikuta ardhi ishavutwa ikawa nyembamba tangu zamani, ndio maana pale pamebonyea katikati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya.

Ami akafunua kitambaa, akakaa kimya akilitazama sinia. "Na Lamu iko wapi hapa?" Nikachukua kokwa ya tende nikaiweka mwisho wa sinia, pale bonde linapotokea baharini. Akacheka. "Basi sema toka mwanzo, huu ni mkanda wa kupita majahazi uliojaa mchanga. Mimi nimepita mikanda ya hivyo maisha yangu yote, nangojea maji yajae."