Mizani mpya na meza ya nne

Mizani zilishushwa kiwandani zamu ya asubuhi ikiwa imeshika kasi, zikiwa bado ndani ya nailoni zake. Kabla ya saa nne, habari ilikuwa imefika hadi chumba cha barafu kwamba kuanzia sasa kila mtu atapimwa peke yake. Hakuna aliyekuwa ametangaza chochote.

Mwaka ulikuwa 2012, nami nilikuwa msimamizi wa zamu katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Malipo yetu yalikwenda kwa meza. Meza moja ilikuwa na wakataji, watoa ngozi na wale wa kusafisha minofu, na mwishoni alisimama karani na daftari lake. Kreti linapimwa, karani anaandika kilo, jioni jumla inagawanywa sawa kwa sawa. Meneja mpya, kijana aliyetoka Dar es Salaam, aliutazama utaratibu huo akaona maficho ya wavivu. Naye hakuwa mjinga. Sangara walikuwa wamepungua ziwani, mitambo ilikuwa inakaa bure siku nyingine, na kila kilo iliyopotea mezani ilikuwa inauma. Dawa yake ikawa kadi: mfanyakazi anaipitisha kwenye mizani, anapima minofu yake, analipwa chake. Kwenye makaratasi yake wenye kasi wangeshangilia na wazembe wangejirekebisha au wangeondoka.

Kumbe waliokataa kwanza ndio wenye kasi. Mama mmoja wa meza ya nne, ambaye kwa kisu hakuna kijana kiwandani aliyemkaribia, ndiye aliyesema waziwazi kwamba kadi hiyo hataipokea.

Uongozi ukaamua kwamba watu wanaogopa. Tukachapishiwa mabango na fulana, akaletwa na mtaalamu mmoja kutueleza namna ya kushinda hofu ya teknolojia. Hofu ya teknolojia! Kina mama wale wale walikuwa wanatuma pesa Ukerewe na Sengerema kwa M-Pesa wakiwa wamesimama kwenye foleni ya chai. Mtaalamu aliongea vizuri, watu wakapiga makofi, fulana zikachukuliwa zote. Kadi zikabaki mezani.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo wageni hawakulijua. Waliokuwa kazini tangu miaka ya tisini walikumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa madai kwamba wavuvi wanatumia sumu. Viwanda vililala, watu wakarudishwa nyumbani, na waliporudishwa kazini hawakurudi wote. Tangu hapo mkubwa akitamka neno "utaratibu mpya", mzee wa zamani anauliza kwanza: wangapi wanaondoka? Swali hilo halikuwa na jibu kwenye bango lolote.

Siku ya kuanza ilipofika, watu waliingia kama kawaida. Walivaa aproni na gambuti, wakakanyaga maji ya klorini, wakanawa, wakasimama kwenye meza zao. Visu hawakushika. Hakuna kelele, hakuna aliyetoka nje. Ulikuwa mgomo baridi, na ndani ya kiwanda cha samaki mgomo baridi hauhitaji muda mrefu, kwa sababu barafu haisubiri mazungumzo. Meneja akataka majina ya wachochezi. Afisa utumishi, Msukuma mmoja mpole kutoka Magu, akamvuta pembeni na kumwonyesha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri anayebadili masharti ya ajira yaliyoandikwa ashauriane na mfanyakazi, kisha amjulishe kwa maandishi. Fulana si mashauriano. Kesi hii ikifika kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, alimwambia, sisi ndio tutakaojieleza.

Basi kikao kikafanyika pale pale, kati ya meza. Afisa akaanza na "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, wakamwitikia, na nikaona mabega yakishuka kidogo. Meneja naye akaamkia, "Shikamooni mama zangu."

"Marahaba, baba," akajibu mama wa meza ya nne. "Maneno sina. Nileteeni sangara wawili, mmoja mkubwa na mmoja wa hamsini."

Wa hamsini ni yule wa sentimita hamsini, ambaye sheria ya uvuvi inakataa kuvuliwa chini ya hapo, na ndio waliokuwa wanatujia kwa wingi siku zile. Alianza na mkubwa. Alimlaza ubavu, akaingiza ncha ya kisu nyuma ya shavu mpaka ikagonga uti, akageuza ubapa wa kisu na kuupitisha juu ya mifupa hadi mkiani bila kusita popote. Mnofu ukalala kando kama kanga iliyokunjuliwa. Akamgeuza samaki, upande wa pili ukafuata, panki, yaani kichwa na mifupa iliyobaki, likasukumwa kwenye kreti lake. Kisha akamchukua mdogo. Mikato ilikuwa ile ile, na mara hii aliifanya polepole makusudi ili tuihesabu. Akaiweka minofu ya kila samaki kwenye mizani mpya, kwa zamu.

"Soma, baba."

Meneja akasoma. Tofauti haikuhitaji kikokotoo.

"Kazi ni moja, kilo siyo moja. Sasa niambie, asubuhi atakayetugawia samaki ni nani? Na wakubwa watamwendea mpwa wa nani?"

Kicheko kilipita meza hadi meza, hata walinzi wakacheka. Hakuishia hapo. Alimwonyesha binti mmoja mwenye mtoto mchanga, akasema sheria hiyo hiyo mliyoishika inamruhusu kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Hizo saa mbili, kadi yake itaandika nini? Kisha akamtaja mzee wa kunoa visu. Mzee yule alikuwa anakata samaki wachache sana, lakini bila visu vyake meza nzima ingekuwa inachana nyama. Kwenye daftari alikuwa na fungu lake. Kwenye mizani ya mtu mmoja mmoja angekuwa sifuri.

Nilikuwa nimesimama nao miaka, na hesabu hiyo sikuwahi kuisikia ikitamkwa. Wao walikuwa wanaiishi kila siku. Baadaye, nikisoma Malimbe pale chuo cha SAUT, mhadhiri alitusimulia kiwanda cha kushona pijama huko Marion, jimbo la Virginia, Marekani, ambako Lester Coch na John French walifanya utafiti uliochapishwa mwaka 1948. Wafanyakazi wa pale nao walilipwa kwa kipande. Kundi lililoambiwa tu kwamba kazi inabadilika, uzalishaji wake ulianguka ukakaa chini, na asilimia 17 yao waliacha kazi ndani ya siku 40 za mwanzo. Makundi ambayo wote walishiriki kupanga mabadiliko yalijirudi upesi na kupita pale yalipokuwa. Darasa liliandika hayo haraka. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba Coch alikuwa meneja utumishi wa kiwanda hicho hicho, maana yake ushirikishwaji ule ulipangwa kutoka juu. Kwetu hakuna aliyeupanga. Walituambia kwa kuacha visu vimelala.

Makubaliano yalichukua vikao kadhaa, na mengi yalikuwa ya kuchosha. Kadi ikawa ya meza, siyo ya mtu. Samaki wakaanza kuchambuliwa kwa ukubwa, na bei ya kilo ya wadogo ikapandishwa. Meza ya nne na nyingine moja zikakubali kujaribu kwanza. Sharti la mwisho lilikuwa la mama yule: uso wa mizani ugeuzwe uwatazame wakataji.

Hapo ndipo upinzani wa kweli ulipoanza, nao ulitoka ofisini. Kwenye daftari, kreti la kilo kumi na nane na nusu lilikuwa linaandikwa kumi na nane. Gramu zilikuwa zinapotea bila mtu kuziita wizi. Ilikuwa desturi ya kalamu. Mizani iliyogeuzwa haikuwa na desturi hiyo. Ghafla makarani, walioupigia mradi debe tangu siku ya kwanza, wakaanza kuleta sababu: mizani itaingia maji, umeme unakatika, kadi zitapotea. Kuhusu umeme walikuwa sahihi, kwa hiyo daftari likabakishwa kwa siku za giza, ila kila ukurasa ukawa unasainiwa pia na mwakilishi wa meza. Karani mmoja aliomba kuhamishiwa upande wa mabondo, vile vibofu vya hewa vya samaki. Hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Wengine hawakupata walichotaka. Kulikuwa na vijana wawili meza ya saba, mikono myepesi, hawana watoto wa kunyonyesha wala mzee wa kumbeba. Wao kadi ya mtu mmoja waliitaka kweli. Mmoja alinifuata kwenye kabati za nguo siku mfumo ulipoenea meza zote.

"Kaka, nyie mmesikilizana na kina mama, sawa. Mimi kodi ya chumba changu Mabatini nalipa peke yangu. Hailipwi na meza."

Nikamwambia aandike hoja yake nami nitaipeleka. Aliandika, nikaipeleka, meneja akaisoma na kusema safari hii hagusi kitu bila kuiuliza meza ya saba. Meza ya saba ikakataa. Mwisho wa mwezi kijana akarudisha gambuti stoo, akahamia kiwanda kingine walikolipa kwa mtu.