Siku moja na chensoo iliyolala stoo miaka miwili

Saa 11 alfajiri

Baridi ya Igowole mwezi wa saba nyie acheni tu, ukitoka nje majani ni meupe kwa sakitu na vidole havikunji. Nimeamka mapema kwa sababu jana jioni bosi mmoja mwenye dingdong, mashine ya kupasulia mbao, alinipigia simu, ana paini zake anataka ziangushwe na kukatwa magogo kuanzia kesho asubuhi, kijana wake wa chensoo, huu msumeno wa injini, kaenda msibani. Kazi ipo na chensoo ninayo, ila hiyo chensoo sasa ndo kesi yenyewe.

Ni STIHL MS 381, cc 72, niliinunua mkononi kwa mtu na ikanilisha vizuri tu. Halafu nikaingia kwenye bodaboda, nikaitupa stoo nyuma ya magunia ya viazi, tenki lina petroli nusu, cheni ina utomvu, hata kuifuta sikuifuta. Miaka miwili. Jana usiku nimepiga kamba mpaka bega likauma, nikafungua plagi nikadondoshea petroli kidogo ndani, ikawaka, ikapiga kelele ya juu kama pikipiki iliyokwama waya wa eksileta, ikazima. Nikarudia kama mara nne hivi. Nilijiona fundi kweli.

Saa 1 asubuhi

Niko kwenye Hiace, chensoo iko kwenye kiroba. Konda kanilipisha mzigo na abiria wa nyuma wananung'unika harufu ya petroli, nikawaambia poleni ndugu zangu ndo maisha. Nyololo nikapanda nyingine ya Mafinga, barabara kubwa, mnapita Sao Hill paini mwanzo mwisho na ukungu umekaa juu yake, na mimi kila nikiona gogo nahesabu hela.

Mfukoni nina 420,000. Mama watoto ndo ananijua, akaniambia kabla sijatoka, "baba, ikifika laki mbili usitengeneze tena, bora ununue." Nikakubali.

Saa 3 asubuhi

Fundi wangu ni mzee wa makamo, kibanda chake kimejaa maiti za chensoo zinazochunwa vipuri. "Shikamoo fundi." "Marahaba, kamwene mnyalukolo, hiyo umeitoa kaburini?" Hakusubiri jibu. Akahakikisha swichi imezimwa, akaishika kwa kishikio cha kamba akaiacha ining'inie. Ikashuka taratibu, inashuka inagoma, inashuka inagoma. Akasema kompresheni ipo, yaani silinda bado inabana hewa, ingeshuka puu mara moja ningekwambia urudi nayo nyumbani.

Halafu akafungua ekzosi, bolti chache tu, akamulika tochi ya simu kwenye tundu la silinda ukiwa unaiona pistoni upande wake. Hapa ndo nilijifunza kitu, maana mi siku zote nilidhani mashine inapimwa kwa kuwaka. Kumbe unaangalia mikwaruzo. Pistoni ikiwa na mistari imesimama wima kama imepigwa msasa, hapo silinda na pistoni vyote vimeondoka na hesabu inahamia kwenye kununua nyingine. Yangu ilikuwa safi, ina masizi tu na kamstari kamoja kembamba.

Akaniuliza jana umeiwasha? Nikamsimulia kwa fahari. Mzee akaweka bisibisi chini. "Hako kamstari ni kako." Akanionyesha mpira wa petroli, umekauka, ukiukunja unapasuka. Mashine ikivuta pale inavuta hewa nyingi na petroli kidogo, na hii injini oili yake inakuja ndani ya hiyo hiyo petroli, kwa hiyo mafuta yakipungua na oili imepungua, ndo ile kelele ya juu, inaungua huku wewe unaona ina nguvu. Ningeenda nayo shambani vile ilivyo, kufika saa sita nimeua silinda.

Kabureta nayo alipoifungua ndani kuna gundi ya kahawia, petroli ya zamani imekauka mle kwenye vitundu vidogo, na zile raba nyembamba zimekuwa ngumu kama kadi ya simu. Hesabu: kiti ya kabureta, yaani seti ya raba zake, 15,000, mpira 5,000, chujio 3,000, plagi 5,000, cheni 45,000, sproketi, ile gia inayozungusha cheni, 20,000 maana meno yamelika na ukifunga cheni mpya juu yake unaiharibu, ufundi 30,000. Jumla 123,000. Nikasema anza.

Saa 6 mchana

Nimeenda kula, nikapita kwenye duka moja la vifaa, si mnajua macho hayana pazia. Kuna mpya ya rangi ile ile ya chungwa na nyeupe, 380,000, na jina limeandikwa karibu sawa ila herufi moja imehama. Orijino muuzaji mwenyewe kasema inakaribia milioni 2. Hii ya laki tatu na themanini nimeinyanyua, nyepesi, plastiki inalia kre kre. Lakini inang'aa jamani. Nikaondoka kabla sijabadilisha mawazo.

Saa 8 mchana

Imewaka! Kamba ya tatu. Nikaanza kutoa hela, fundi akanizuia, akailaza ubavu huku inanguruma, sailensa, ule mngurumo wa chini bila kuminya moto, ikapanda yenyewe, akailaza upande wa pili ikapanda tena na ikikaa sawa haishuki haraka. Akazima. "Sili za kreki zimekauka, zile raba za kuziba hewa kwenye shafti ya injini, inavuta hewa kwa chini." Sili mbili 30,000 na kazi ya kutoa klachi na magneti 20,000 nyingine.

173,000. Nikakaa kwenye gogo nje ya kibanda. Hapo ndo unaanza kusikia sauti ya mama watoto, na ile ya chungwa dukani inakuita, na huyu mzee unaanza kumwangalia vibaya, kwa nini hakuliona asubuhi? Nikamuuliza, akajibu kwamba isingewaka asingejua, na kama nina haraka niichukue hivyo hivyo ila nisirudi kulia kwake. Fundi anayekataa hela yako mkononi ni mchache. Pistoni nimeiona kwa macho yangu, silinda nzima, vingine vyote ni raba tu. Nikamwambia fungua mzee.

Saa 11 jioni

Tumeijaribu kwenye gogo la mlingoti, yaani mkaratusi. Inarusha chipsi kubwa kubwa, sio unga, na ukiachia mkono inashuka hapo hapo. Kanifokea pia kuhusu oili chafu ya gari niliyokuwa nawekea cheni, tundu la kupitishia oili lilikuwa limeziba kwa tope jeusi. Na kupima kwa kifuniko niache, lita 5 za petroli oili nzuri ya tuu-stroki mililita 100, basi. Nikanunua na tupa ya duara ya kunolea cheni, milimita 5.2.

Saa 2 usiku

Nyumbani. Mama watoto kauliza bei kabla ya salamu, nikamwambia haijafika laki mbili, tupa na nauli sikuzitaja. Mashine kakataa isilale ndani kwa hiyo iko jikoni nje. Kidumu cha mchanganyiko nimekiandika kwa makaa pande zote mbili CHENSOO, maana dogo akikosea akanitilia petroli kavu isiyo na oili kesho saa 12 asubuhi, hiyo pistoni safi tutaizika wote wawili.