Nyayo hazigeuki, nyonga ndiyo hugeuka

Mtoto wa baleti akisimama visigino vimegusana na vidole vimeelekea kando, usitazame nyayo kwanza. Tazama magoti. Pia ya goti ikielekea mbele ilhali vidole vimekwenda kando, mtoto huyo anasokota goti, na goti halikuumbwa kwa kusokotwa.

Mgeuko, yaani huko kuelekeza miguu kando, huanzia nyongani, pale kichwa cha mfupa wa paja kinapozunguka ndani ya kikombe chake. Kina cha kikombe hicho mwalimu hawezi kukibadili. Ndiyo maana Akademia ya Vaganova, shule ya baleti ya Saint Petersburg, Urusi, iliyoanzishwa 1738, huukagua mwili wa mtoto wa miaka kama 10 kabla ya kumpokea kwa masomo ya miaka 8. Shule ya kawaida haichagui hivyo. Hufundisha mwili ulioletwa.

Kuupima mgeuko si kazi. Mlaze mtoto kifudifudi, kunja goti lake digrii 90, kisha acha muundi uinamie upande wa mguu wa pili bila nyonga kunyanyuka sakafuni. Pembe hiyo ndiyo mgeuko wake. Kwa wengi ni kama digrii 45, yaani 90 kwa miguu yote miwili. Ile 180 ya kwenye picha, nyayo zikiwa mstari mmoja, iko mbali sana. Watoto wanaijua hila ya kuifikia: wanakunja magoti, wanatanua nyayo, kisha wananyooka. Sakafu inazishikilia nyayo, goti linabeba msokoto wote, tao la unyayo linalala ndani na kiuno kinabinuka. Ukiona hivyo, mwambie ainue vidole vyote vya miguu sakafuni. Mgeuko wa uongo utapotea wenyewe.

Mwaka wa kwanza ni wa polepole, na uwe hivyo. Mtoto anaelekea ukutani, mikono yote miwili juu ya ufito wa kushikilia uliofungwa ukutani, bila kuuning'inia. Plie ndogo, yaani kukunja magoti kidogo: hesabu nne kushuka, nne kupanda, visigino chini, goti juu ya kidole cha pili. Tandu, yaani kuunyoosha mguu mmoja mbali na mwili: unyayo unafagia sakafu, kisigino kinaachia kwanza, halafu mto wa unyayo, ncha za vidole zinabaki, kurudi ni kinyume chake. Wengi huharibu kurudi, kwa kuurusha mguu badala ya kuuburuta. Kuruka kuje baadaye, mwishoni mwa somo, misuli ikiwa imepata moto. Kwenye saruji tupu ningepunguza miruko kabisa, maana saruji hainepi na muundi ndio unaoumia. Mbao zilizolazwa juu ya fito zinanepa.

Halafu kuna viatu vya pointi, vile vya kusimama kwa ncha za vidole. Kila msichana anavitaka, na wazazi huuliza umri tu. Miaka 11 au 12 ni kawaida, lakini umri peke yake hautoshi. Akisimama mguu mmoja bila kushika kitu, anaweza kupanda na kushuka kwa kisigino mara 20 goti likiwa limenyooka? Akiunyoosha unyayo, penseli iliyolazwa juu ya kifundo inagusa muundi na mgongo wa unyayo pamoja? Kama kifundo hakifiki, atasimama nyuma ya ncha na kukunja magoti ili asianguke.

Vikija, ni dakika 10 hadi 15 mwishoni mwa somo, mikono miwili kwenye ufito. Na hapa ndipo akina mama huniudhi, mama mwenye nia njema kuliko wote: ananunua kikubwa ili mtoto akikulie. Kiatu cha shule, sawa. Hiki kikilegea, mguu unazama ndani ya sanduku lake, ile ncha ngumu ya vitambaa na gundi, mpaka kidole gumba kinabeba mwili wote. Kibane bila kukunja vidole, apimwe amesimama, na kikiloa jasho kianikwe mahali penye hewa. Unyevu huilainisha gundi, na sanduku lililolainika halimshikilii mtu.